Blogger kwa Ufundishaji wa Kiingereza: Tathmini Kutoka Darasani Mbeya

Mwalimu wa Kiingereza anayefundisha sekondari katika Nyanda za Juu Kusini leo hakosi vyombo vya mtandaoni vya kumsaidia kazi. Anachokosa ni muda wa kuvipambanua. Kuna programu za maswali ya papo kwa papo, kuna kadi za msamiati, kuna masomo ya kusikiliza, na kila moja huja na sifa tele kutoka kwa walioitengeneza. Katika tathmini hii nimezipima kwa swali moja tu: je, chombo hiki kinamfanya mwanafunzi aandike Kiingereza kwa ajili ya msomaji ambaye si mwalimu wake? Kwa kipimo hicho, huduma ya Blogger ya kuchapisha blogu mtandaoni, ambayo vijana wengi wanaiona ya kizamani, imevishinda vingine vyote nilivyovijaribu, ingawa ina upungufu ambao mwalimu anapaswa kuujua kabla hajaliingiza darasa zima ndani yake.

Swali hilo lina sababu yake. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, jiografia na hisabati vyote vinafundishwa kwa Kiingereza. Kuanzia hapo anaandika Kiingereza kila siku, lakini sehemu kubwa ya anachoandika ni notisi alizonakili ubaoni. Insha, ambayo ndiyo inayomtaka apange mawazo yake mwenyewe, huandikwa mara chache, kwa kuwa mwalimu mwenye mikondo kadhaa hana namna ya kusahihisha insha za wote kila wiki. Hata inapoandikwa, msomaji wake ni mmoja, naye anaisoma akiwa ameshika kalamu nyekundu. Mwanafunzi analijua hilo, ndiyo maana insha nyingi za kidato cha tatu zinafanana mno: safari ya likizo, siku nisiyoisahau, faida za elimu. Haandiki kumweleza mtu jambo asilolijua; anaandika ili asikosee.

Blogger ilianzishwa mwaka 1999 na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Pyra Labs, ikanunuliwa na Google mwaka 2003. Ni ya bure, haina matangazo mpaka mwenye blogu ayaruhusu mwenyewe, na kila mwenye akaunti ya Google anaweza kufungua blogu bila kumtafuta fundi. Ukongwe wake huku kwetu ni faida. Ukichagua kiolezo chepesi, ukaondoa mapambo ya pembeni na kupunguza ukubwa wa picha, ukurasa wake hufunguka hata pale mtandao unaposuasua. Mimi huisimamia zaidi kwa kishikwambi, kimojawapo cha vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa kwa walimu, na kwa kusoma, kupitisha maoni na kurekebisha kichwa cha andiko kinatosha kabisa. Kuchapa andiko refu kwenye kioo chake ni adhabu. Hiyo ni kazi ya chumba cha kompyuta.

Blogu ninayoizungumzia inatumiwa na madarasa mawili ya kidato cha tatu, moja la hapa Mbeya mjini na jingine la Iringa linalofundishwa na mwenzangu tuliyesoma naye chuo. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo utaratibu wetu unaanzia kwenye daftari. Kila mwanafunzi anaandika rasimu kwa kalamu, anabadilishana na mwenzake wa dawati, anaiandika upya, na baadaye kundi linachagua andiko moja la kuchapwa kwenye kompyuta. Kila kundi lina akaunti moja ya mwandishi inayosimamiwa na mwalimu. Tulifika kwenye utaratibu huo kwa sababu za kihuduma zaidi kuliko za kiualimu: Blogger inaruhusu waandishi wasiozidi 100 kwa blogu moja, Google katika nchi nyingi haitoi akaunti kwa mtoto aliye chini ya miaka 13 bila usimamizi wa mzazi, na ufunguaji wa akaunti mara nyingi hudai namba ya simu ya kuthibitisha, namba ambayo mwanafunzi wa bweni hana. Mwalimu anayedhani atamfungulia kila mtoto akaunti yake katika kipindi kimoja cha dakika 40 na ajiandae kupoteza muhula.

Hata hivyo, thamani ya chombo hiki haiko kwenye maandiko yenyewe. Maandiko ya kwanza yalikuwa ni insha zilezile za daftari, zikiwa zimebadilishwa mwandiko tu. Kilichobadili kazi ni sehemu ya maoni iliyo chini ya kila andiko, na kwa mwalimu ambaye angependa kuiga, naona afadhali aandae sheria za kutoa maoni kabla hajaandaa mada za kuandika. Sheria yetu ni kwamba maoni ya kusifu peke yake hayapitishwi. Anayetaka kusifu asifu, lakini lazima aambatanishe swali ambalo jibu lake halimo ndani ya andiko.

Nichukue mfano. Mwanafunzi mmoja wa Iringa aliandika kuhusu makumbusho ya Kalenga, linakohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alieleza vita dhidi ya Wajerumani, akafika kwenye kifo cha mwaka 1898, akasema kichwa kilichukuliwa na baadaye fuvu likarudishwa mwaka 1945. Chini yake msichana wa Mbeya akauliza, kwa Kiingereza kifupi kisicho na mbwembwe, lilirudishwa na nani, na kwa nini walikaa nalo muda wote huo. Mwandishi hakuwa na jibu. Alirudi kuuliza na kusoma, akagundua kwamba tarakimu zake mbili zilikuwa zimepinduka, kwani fuvu lilirudi mwaka 1954 likiletwa na Gavana Edward Twining, na kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa umekwisha kuitaka Ujerumani ilitoe. Jibu lake lilikuwa fupi, na karibu kila kitenzi chake kilikuwa katika kauli ya kutendwa: lilichukuliwa, lilidaiwa, lilitafutwa, lilirudishwa. Kauli hiyo tunaifundisha kila mwaka kwa kugeuzageuza sentensi za mama anayepika wali na wali unaopikwa na mama, wanafunzi wakitugeuzia bila kuona kwa nini mtu mwenye akili timamu aseme hivyo. Hapa ilijileta yenyewe, kwa sababu aliyekuwa akiandika alijali yaliyolipata fuvu kuliko mikono iliyolibeba. Nilichapisha jibu lile kwenye karatasi, nikalifundishia mikondo yote.

Mfano wa pili ulitoka upande wetu. Kijana ambaye kwao wanalima viazi pande za Isyonje aliandika juu ya lumbesa: jinsi gunia linavyojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kamba juu ya kile kilima cha viazi, na mnunuzi akalipa bei ya gunia moja. Maswali kutoka Iringa yalikuwa makali kuliko yoyote ambayo ningeweza kuyatunga. Mkulima anajua anapunjwa. Kwa nini anakubali? Kama Wakala wa Vipimo unakataza gunia kuzidi kilo 100, kwa nini viazi visiuzwe kwa mizani? Yule kijana alijibu kwamba mkulima akikataa, lori linasogea hadi shamba la jirani, na viazi vikikaa ardhini mvua zikizidi vinaoza. Kiingereza chake kilikwaa kwenye sentensi za masharti, kila «kama» ikimtoa jasho, lakini aliziandika nyingi katika jibu moja kuliko alizokuwa ameandika kwenye mazoezi yake yote ya kitabu. Baadhi zilikuwa na makosa. Niliziacha zipite, nikazichukua kesho yake ubaoni bila kutaja jina, na darasa zima likazifanyia kazi likijua kabisa zimetoka kwa nani na likiwa upande wake.

Sasa nieleze upungufu. Ulio mkubwa ni kwamba Blogger inajua vyeo viwili tu, msimamizi na mwandishi, na mwandishi anaweza kuchapisha andiko lake moja kwa moja bila kumsubiri mtu yeyote. Kwa gazeti la watu wazima hilo si tatizo. Kwa darasa la vijana wa miaka 15 na 16 ni tatizo. WordPress, huduma nyingine ya blogu iliyoanza mwaka 2003, ina cheo cha mchangiaji, ambaye anaandika rasimu na kuiwasilisha lakini hawezi kuichapisha mpaka mhariri aipitishe. Kwa jambo hili moja WordPress inafaa shule zaidi, na kama ningekuwa nafundisha kidato cha kwanza nisingesita kuichagua, ingawa blogu zake za bure hubebeshwa matangazo ambayo mwalimu hayachagui na ukumbi wake wa usimamizi una vitufe vingi vya kumchanganya anayeanza. Ipo pia Edublogs, iliyojengwa juu ya WordPress kwa ajili ya shule, na mtu mwenye chumba kizuri cha kompyuta anaweza kuitazama.

Upungufu wa pili ni wa maoni. Katika Blogger, maoni yakishatumwa hayahaririki. Aliyeyaandika anaweza kuyafuta na kuandika mengine, basi. Kwa somo la lugha hilo linauma, kwa kuwa mwanafunzi anayegundua kosa lake sekunde moja baada ya kubonyeza anabaki akiliangalia. Tumelifanya kuwa sehemu ya kazi: anayeona kosa lake anaandika maoni mapya yaliyosahihishwa chini ya yale ya mwanzo, na alama tunatoa kwa yale ya pili. Kwa upande mwingine, uwezo wa msimamizi kuzuia maoni mpaka ayasome ni mzuri na rahisi, nami sioni kwa nini mwalimu yeyote auzime.

Upungufu wa tatu unahusu faragha. Blogu inaweza kufungwa ili isomwe na walioalikwa tu, lakini kila mwalikwa lazima aingie kwa akaunti ya Google, jambo linalowaacha nje wazazi wengi ambao wangefurahi kusoma walichoandika watoto wao. Sisi tumeifunga pamoja na hasara hiyo, kwa sababu mbili ambazo mwalimu wa Tanzania hawezi kuziruka. Kwanza ni kanuni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na kulipa ada. Zikafuatwa na nyingine mwaka 2020, ambazo nazo zilirekebishwa mwaka 2022. Anayetaka blogu ya darasa iliyo wazi kwa ulimwengu mzima asome kwanza kanuni zinazotumika wakati huo na azungumze na mkuu wa shule, asitegemee alichosikia kwa mwenzake. Pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jina kamili la mtoto, shule yake na picha yake vikiwekwa pamoja ni taarifa binafsi, na idhini ya mzazi si jambo la kupuuza. Kwenye blogu yetu mwandishi anatajwa kwa jina la kwanza tu, na picha ni za mashamba, masoko na milima. Mlima Loleza umepigwa picha kutoka kila dirisha la shule hii.

Siwezi kuliacha suala la mashine, maana ndilo ninaloulizwa zaidi na walimu wenzangu. Google Translate imekuwa na Kiswahili tangu mwaka 2009, na tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022 mwanafunzi anayerudi nyumbani kwenye simu ya kaka yake anaweza kuleta insha isiyo na kosa hata moja kuhusu jambo asilolijua hata kidogo. Blogu haizuii hilo. Asemaye inazuia anajidanganya. Inachofanya ni kuliweka hadharani. Andiko lililotengenezwa na mashine kuhusu kilimo cha parachichi Rungwe linasomeka vizuri sana mpaka msomaji wa Iringa anapouliza mche mmoja unapandwa umbali gani kutoka kwa mwenzake kwenye shamba la babu yake mwandishi, na nani huipanda ngazi ya kuchumia wakati wa mavuno. Maswali ya namna hiyo hujibiwa na aliyewahi kusimama kwenye shamba hilo. Ndiyo sababu tunashikilia rasimu ya daftari, na ndiyo sababu mada zetu zote ni za mahali: soko la Mwanjelwa asubuhi, Ziwa Ngosi, Kimondo cha Mbozi, na tumbili aina ya kipunji wa misitu ya Rungwe, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 huku wawindaji wa vijiji vya jirani wakiwa wanamfahamu siku zote. Andiko la kipunji ndilo lililokuwa na maoni mengi kuliko yote, kwa kuwa darasa la Iringa halikukubali kirahisi kwamba mnyama anaweza kugunduliwa mahali ambapo watu wanamjua kwa jina.

Kuhusu vyombo vingine nitasema machache. Kahoot, iliyotoka Norwe, inachangamsha darasa, lakini inadai kila mwanafunzi au kila kundi liwe na kifaa kilichounganishwa kwa wakati mmoja, na mchezo ukiisha hakuna sentensi hata moja iliyoandikwa. Quizlet ni nzuri kwa msamiati, ila kadi za karatasi zinafanya kazi hiyohiyo bila bando. Masomo ya BBC Learning English, hasa yale mafupi ya kusikiliza yanayokuja na maandishi yake, ni hazina ya kweli. Mwalimu anaweza kupakua sauti akiwa mjini na kuipiga darasani kwa spika ndogo, na maandishi akayachapisha. Tovuti ya LearnEnglish ya British Council imepangwa kwa viwango, jambo linalomsaidia mwalimu mwenye darasa ambalo wengine wako mbali na wengine ndiyo kwanza wanaanza. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na kwa shule zenye upungufu wa vitabu ni mahali pa kwanza pa kupita. Kwa shule ya kijijini isiyo na mtandao wa kuaminika nisingependekeza Blogger kabisa; ningependekeza Kolibri, programu ya masomo ambayo huwekwa kwenye kompyuta moja na kuhudumia vifaa vilivyo karibu nayo bila intaneti. Hivi vyote vinampa mwanafunzi Kiingereza cha kupokea. Si kasoro, ni kazi nyingine.

Yako pia mambo ya umeme na mtandao, ambayo hayahusu Blogger lakini yanaamua kama itatumika. Blogger huhifadhi rasimu yenyewe wakati mtu anachapa, alimradi mtandao upo. Ukikatika katikati ya aya, kilichochapwa baada ya hapo kinaweza kupotea, kwa hiyo wanafunzi wetu huchapa kwanza kwenye programu ya kawaida ya maandishi, wanahifadhi kwenye flashi, kisha wananakili na kubandika. Wakati huo mwalimu awe macho, kwani maandishi yaliyobandikwa huja na ukubwa na rangi za herufi za kule yalikotoka, na ukurasa unakuwa wa ovyo. Kipo kitufe cha kuondoa mpangilio wa maandishi, na mtoto wa kidato cha tatu akionyeshwa mara moja hasahau. Kwa mwezi mzima tunatumia bando dogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu maandishi ni mepesi na picha tunazipunguza kabla ya kuzipakia. Kinachokula bando ni masasisho ya kompyuta yanayojiendesha yenyewe, na hayo msimamizi wa chumba cha kompyuta ayazime kabla ya kipindi.

Mwalimu asitarajie kupunguziwa kazi. Kusahihisha kumepungua kidogo, maana kosa linaloonwa na mwanafunzi mwenzake halinifikii, lakini kupitisha maoni jioni kumechukua nafasi hiyo, na kuna wiki ambazo mwenzangu wa Iringa na mimi tunapeana zamu kwa sababu mmoja wetu ana mitihani ya majaribio. Kwa darasa moja lililo peke yake, lisilo na darasa rafiki mahali pengine, sioni faida ya kutosha kulipia usumbufu huo. Daftari linalozungushwa darasani lingetosha. Ni wasomaji wa mbali wanaoifanya blogu istahili gharama yake, na kwa hiyo anayetaka kuanza atafute kwanza mwalimu mwenzake wa Njombe, Songea au Sumbawanga, ndipo afungue akaunti.

Mwisho wa kidato cha nne, kabla wanafunzi hawajaondoka, Blogger inamruhusu msimamizi kupakua nakala ya blogu nzima, maandiko pamoja na maoni, katika faili moja. Tunaihifadhi kwenye kompyuta ya shule zote mbili, tunaziondoa akaunti za makundi kwenye orodha ya waandishi, na maandiko ya kipunji, lumbesa na Kalenga tunayaacha yasomwe na kidato cha tatu kinachofuata, ambacho kazi yake ya kwanza ni kuyaulizia maswali ambayo waliotangulia hawakuyauliza.